Ijumaa tunapanda Margherita, mvua imeanza, nisaidieni

Kijana wa Hima: Wakubwa shikamooni. Ijumaa ijayo tunapanda Rwenzori mpaka kilele cha Margherita, tuko watatu, Jumatatu usiku niwe nyumbani kazi inaningoja. Makoti tunayo, chakula kipo, ila mvua imeanza Kasese na huko juu nasikia ni theluji tupu. Sasa theluji mpya ni hatari au ndo inafanya barafu isiteleze? Usingizi sipati.

Mama Akiiki: Mwanangu, mama yako anajua?

Fundi Redio: Mimi niliosha vyombo hotelini Davos, Uswisi. Kule mtu hatoki asubuhi bila kusoma taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, namba 1 mpaka 5. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ukipata theluji nyingi mpya unakatika bamba zima linashuka. Ukifukiwa, wenzako wana kama dakika 15 za kukufukua ukiwa hai. Halafu chai ya kule bei yake banange!

Mpagazi Mstaafu: Davos tuachie wewe. Margherita ogopa nyufa za barafu. Theluji mpya inazifunika, unaona kama shuka jeupe limetandikwa, unakanyaga, umekwenda. Ndo maana watu wanafungana kamba, wanatoka kambi ya Elena saa kumi usiku barafu ikiwa bado ngumu. Kijana, nani anawaongoza?

Kijana wa Hima: Mtu yupo.

Mpagazi Mstaafu: Nani?

Kijana wa Hima: Mjomba wa rafiki yangu, zamani alibeba mizigo mpaka kambi ya Bujuku. Getini hatupiti, ada ni kubwa mno, anajua njia ya panya. Nusu ya hela nishamtumia kwa simu so msianze kunihukumu, mlimani anapajua kuliko nyinyi mnaoandika hapa.

Boda Katwe: Bujuku ni matope 😂 huyo mjomba ni mtaalamu wa gambuti

Mama Akiiki: Mtoto wa dada yangu kichwa kilimuuma huko huko, akatapika, akasema ni maharage. Walimshusha mgongoni. Vijana hamsikii.

Mla Rolex: Uzi wa kutunga huu. Ijumaa unalala Nyabitaba, Jumamosi John Matte, Jumapili Bujuku, Jumatatu ndo unafika Elena, mita 4,541. Kilele ni 5,109. Nyumbani Jumatatu usiku utarudi na ungo?

Kijana wa Hima: Sijatunga! Mjomba kasema tutaunganisha vituo. Picha ya kamba hiyo hapo, nimenunua jana.

Mpagazi Mstaafu: Kuunganisha vituo ndo kunaleta ugonjwa wa mwinuko, kama ule wa mtoto wa dada yake Mama Akiiki. Na kamba nimeiona. Hiyo ya bluu ni ya kufungia magunia kwenye boda, haivutiki, mtu akitumbukia ufani itamkata kiuno au ikatike yenyewe. Na hilo fundo ni la mbuzi.

Boda Katwe: mbuzi mwenyewe kabaki na nani 😂😂

Kijana wa Hima: Sawa mzee, nimekusikia. Nikikodi kamba nzuri Kasese je? Maana hela ya mjomba hairudi.