Darasa la kwanza wachunguze mimea: mbegu gani, na waweke vipi kumbukumbu?

Mwl_Chamwino: Habari zenu walimu. Darasa langu lina watoto 60. Nataka wachunguze kwa macho yao, si kunakili mchoro wa ubaoni. Wengi bado hawaandiki vizuri. Pamba ya kuoteshea mbegu nayo hukauka Jumamosi na Jumapili kwa hewa yetu hii kavu, na maji yakizidi mbegu zinaoza. Nifanyeje?

MkulimaMwalimu: Achana na pamba. Kata shingo za chupa 10 za maji za lita moja, chupa moja kwa watoto sita. Toboa matundu matatu chini; hilo lifanye mwenyewe. Zungushia gazeti ndani, likibana ukuta wa chupa, kisha jaza mchanga katikati. Mbegu zikae kati ya gazeti na plastiki, ili mzizi uonekane. Mchanga hutunza maji ambayo gazeti linayavuta kidogo kidogo, na yaliyozidi yanatoka chini. Mbegu huoza kwa sababu maji yaliyotuama yanainyima hewa.

Weka kunde mbili na mahindi mawili kila chupa. Mbegu ya aina moja haimpi mtoto cha kulinganisha, ilhali hapa ataona kunde ikiinua vile vipande vyake viwili vinene juu, na punje ya hindi ikibaki palepale. Loweka Jumapili jioni, panda Jumatatu. Kwa joto letu mizizi huanza kuonekana katikati ya wiki, watoto wakiwepo. Chupa zisikae juani, plastiki inapata moto.

Nunua kunde na mahindi ya kula sokoni. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa yenye sumu, zisiguswe na watoto kabisa.

Bi_Mkubwa: Kumbukumbu hazihitaji maandishi. Kila siku ya shule kikundi kikate ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na mche, kiubandike ukutani karibu na wa jana, ncha za chini za kanda zote zikiwa kwenye mstari mmoja. Hiyo tayari ni grafu. Kuchora wachore mche ukiwa mbele yao, la sivyo utaletewa ua lenye petali tano ambalo halipo.

Mtoto akisema "mmea umefurahi", muulize: "Umeona nini hadi ukasema hivyo?" Swali hilo ndilo somo lenyewe.

Chupa mbili zikishaota, moja ifunikwe kwa boksi.

Mwl_Chamwino: Asante Bi Mkubwa. Lakini mche wa gizani si utarefuka zaidi? Watasema ndio uliokua vizuri.

Bi_Mkubwa: Utarefuka, ndiyo, na usikimbilie kuwasahihisha. Waangalie rangi, unene wa shina na ukubwa wa majani, ndipo uwaulize tena.

MkulimaMwalimu: Nyongeza: majani mawili ya kwanza ya kunde ni mazima, yanayofuata yana vijani vitatu vitatu. Usiwaambie. Waache walione wenyewe.