Naomba ushauri: kupendekeza vitabu vipya dukani, hasa vya mapishi

Habari wakuu. Swali hili ni kwa wauza vitabu wenzangu.

Kwa riwaya na wasifu, njia ipo: mteja aulizwe kitabu cha mwisho alichokimaliza, siyo alichokinunua. Aliyefurahia Mzee Rukhsa, kitabu cha maisha ya Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi (2021), huvutiwa na wasifu wa Nyerere ulioandikwa na Shivji na wenzake. Ila ule una juzuu 3 na ni wa Kiingereza, kwa hiyo aambiwe mapema, kabla hajauliza bei. Anayemtaka mwandishi Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili anapewa Peponi, riwaya yake ya Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Mapishi ndiyo yanayonisumbua. Kabla ya kupendekeza kitabu nasoma mapishi matatu yoyote: vipimo ni vya vikombe au gramu? Kinadai oveni? Viungo vinapatikana sokoni? Kitabu cha nje kinachotaka oveni ya nyuzi 180 na krimu nzito hakimfai mwenye jiko la mkaa, hata picha zingependeza vipi. Halafu kuna suala la rafu. Kikifungwa nailoni, mteja haoni ndani, hanunui. Kikiachwa wazi, kurasa zinapigwa picha kwa simu na jalada linachakaa.

Je, mnatoa nakala moja ya kupekuliwa? Gharama yake anabeba nani, duka au mchapishaji? Na kadi ya mapendekezo kwenye rafu, mnaandika jina la pishi moja au maelezo ya kitabu kizima? Nadhani pishi moja linauza zaidi, lakini nahitaji uzoefu wenu.