ASLR ya lazima na programu za Unix kwenye Windows: tuzime ulinzi, tusamehe programu chache, au tuhamie WSL?

KalamuNaKodi
Wadau, naomba tulinganishe njia zilizopo kabla sijaandika ombi rasmi. Kitengo cha usalama mahali ninapofanya kazi kimewasha ASLR ya lazima kwa mfumo mzima, yaani ule mpangilio wa kwenye ukurasa wa "Exploit protection" unaolazimisha kila programu ipakiwe kwenye anwani ya kubahatisha katika kumbukumbu, hata kama programu yenyewe haikuundwa kwa ajili ya jambo hilo. Tangu hapo Bash (sheli ya kuandikia amri) ya MSYS2, ule mkusanyiko wa programu za Unix kwa Windows, hufunguka na kufa papo hapo, na ikibahatika kubaki hai, amri ya kwanza inayohitaji kuanzisha programu nyingine hujibiwa na "fork: retry: Resource temporarily unavailable". Kinachonitatiza zaidi ni kwamba katika Git, chombo cha kutunza matoleo ya kodi, `git status` inafanya kazi vizuri kabisa, ilhali `git submodule` inakwama. Njia ninazoziona ni kuzima mpangilio huo moja kwa moja, kuzisamehe programu zinazoathirika peke yake, kutumia `rebase` (chombo cha kuzipangia maktaba anwani), au kuachana na MSYS2 na kuhamia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Ni ipi inayostahili kutetewa mbele ya watu wa usalama?

Mchunguzi_wa_Anwani
Suala la Git lina maelezo, na maelezo hayo ndiyo ufunguo wa ulinganisho wote. `git.exe` ni programu ya Windows halisi, haitegemei tabaka la MSYS2 linaloiga Unix. `git submodule`, kwa upande wake, ni hati ya sheli, kwa hiyo inahitaji `sh.exe`, na `sh.exe` imesimama juu ya `msys-2.0.dll`. Kinachoanguka ni kila kilicho juu ya maktaba hiyo.

Kwenye Unix, `fork` huugawa mchakato mmoja kuwa miwili, na mtoto hurithi kila kitu cha mzazi kikiwa kwenye anwani ileile. Kiini cha mfumo huwaachia wote wawili kurasa zilezile za kumbukumbu na hunakili tu ule ukurasa ambao mmoja wao ameuandikia. Programu za kawaida za Windows hazina wito wa namna hiyo. Ndiyo maana Cygwin, mradi ulioanza mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus Solutions na ambao MSYS2 imechipuka kwake, huiga kazi hiyo kwa njia ndefu: huanzisha mchakato mpya wa programu ileile, kisha humimina ndani yake data na rafu (stack) ya mzazi. Data hiyo imejaa viashiria vyenye anwani za mzazi. Ikiwa maktaba fulani imekaa mahali pengine ndani ya mtoto, viashiria hivyo vitaelekea kusiko na kitu, kwa hiyo tabaka lenyewe hukagua na kuamua kumsitisha mtoto mapema kuliko kumwacha aharibu data kimyakimya.

Sasa, ASLR ya kawaida, iliyoingia na Windows Vista mwaka 2007, haileti ugomvi mkubwa. Maktaba iliyojitangaza kuwa inakubali kuhamishwa hupewa anwani ya kubahatisha, lakini kwa kawaida michakato yote huiona kwenye anwani hiyohiyo hadi kompyuta iwashwe upya, hivyo mzazi na mtoto huafikiana. ASLR ya lazima ni jambo jingine. Faili ambayo haikujitangaza hushughulikiwa kana kwamba anwani iliyoipendelea imeshachukuliwa, na Windows huitafutia nafasi upya katika kila mchakato. Mzazi anapata yake, mtoto anapata yake, na hapo `fork` haina pa kushika.

Seremala64
Nashukuru kwa maelezo hayo, kwa sababu yanaimaliza hoja ya `rebase` bila mjadala mrefu. Kazi ya `rebase` ni kuipangia kila maktaba anwani yake ya kudumu isiyogongana na nyingine. Ilikuwa dawa kweli enzi za biti 32, nafasi ya anwani ilipokuwa finyu na maktaba zikisukumana. Siku hizi hitaji hilo limepungua, na Cygwin yenyewe iliacha kuunga mkono Windows ya biti 32 kuanzia toleo la 3.4, la Desemba 2022. Lakini ASLR ya lazima haijali anwani uliyoipanga. Utaendesha `rebaseall`, utaona imemaliza bila kosa, na Bash itaanguka vilevile.

PwaniYaBiti
Mimi ningezima mpangilio huo kwa mfumo mzima na kuendelea na kazi. Microsoft yenyewe husambaza Windows ikiwa imeuzima, na huacha ukiwashwa ule mwingine wa kubahatisha kuanzia chini (bottom-up ASLR), pamoja na ule wa wigo mpana wa anwani (high-entropy ASLR). Hatuombi kompyuta iwe dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Mlinzi_Lango
Ndugu PwaniYaBiti, hoja yako ina uzito kwa kompyuta ya mtu binafsi, na humo nisingekupinga. Kwa kompyuta za taasisi, hata hivyo, kitengo hicho huenda kimeuwasha kwa sababu kuna programu ya zamani isiyoweza kuundwa upya, na kuizimia kompyuta nzima kwa ajili ya Bash ni kubomoa ukuta ili kupitisha meza.

Naongeza onyo moja. Asijitokeze mtu akapendekeza kuiacha ASLR ya lazima na kuzima kule kubahatisha kuanzia chini, kwa matumaini kwamba anwani zitatulia na `fork` ipone. Mwaka 2017 CERT/CC, kituo cha kuratibu taarifa za udhaifu wa programu, kilitoa taarifa kwamba, kuanzia Windows 8, mpangilio wa lazima ukiwa peke yake huihamishia programu kwenye anwani ileile kila mara. Utakuwa na ulinzi ulioandikwa kwenye fomu tu.

TumbaweLaKodi
WSL inastahili kutajwa kwa haki. Programu zake ni faili za Linux, si za Windows, kwa hiyo mpangilio huu hauzigusi, na katika WSL 2 `fork` inatekelezwa na kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe nyepesi. Kwa anayeandika hati za sheli na kujenga programu za Linux, sioni sababu ya kubaki MSYS2. Tatizo linaanza pale faili zako zinapokuwa upande wa Windows, kwa sababu kuzifikia kupitia `/mnt/c` kutoka WSL 2 ni polepole, na mradi wenye maelfu ya faili ndogo utaudhi. Isitoshe, WSL haiondoi hitaji la `sh.exe` kwa Git ya upande wa Windows.

Mchunguzi_wa_Anwani
Kwa hiyo kwa hali ya mleta mada nabaki na msamaha kwa kila programu, nikisisitiza jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hulipita. Utayakuta yakisema usamehe kwa jina la faili tu. Ndani ya `usr\bin` kuna `find.exe` na `sort.exe`, na ndani ya System32 ya Windows kuna faili zenye majina hayohayo. Ukisamehe kwa jina, umezisamehe na zile ambazo hukuzikusudia. Tumia njia kamili ya faili, ukiwa na haki za msimamizi katika PowerShell:

`Get-ChildItem C:\msys64\usr\bin\*.exe | ForEach-Object { Set-ProcessMitigation -Name $_.FullName -Disable ForceRelocateImages }`

Kusamehe `bash.exe` peke yake hakutoshi, kwa kuwa `make`, `perl` na nyingine nazo huita `fork`. Funga madirisha yote ya MSYS2 kisha uyafungue upya, kwa sababu mchakato husoma mpangilio wake unapoanza.

KalamuNaKodi
Nimeelewa, na nitaomba msamaha kwa njia kamili za faili. Je, `pacman`, kisakinishi cha vifurushi cha MSYS2, ikileta programu mpya kesho, itakuwa imesamehewa?

Mlinzi_Lango
Hapana, faili yenye jina jipya haimo kwenye orodha, kwa hiyo amri hiyo irudiwe kila baada ya kusakinisha vifurushi vipya. Kwa kuwa mpangilio wenu unatoka juu, usiishie kwenye kompyuta yako: ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi, toa faili ya mipangilio kwa `Get-ProcessMitigation -RegistryConfigFilePath misamaha.xml` na uiambatishe kwenye ombi. Wao wataisoma mstari kwa mstari, wataona kwamba ASLR ya lazima bado imewashwa kwa mfumo, na wataweza kuisambaza kwa sera ya kikundi (Group Policy) bila kuandika upya chochote.