Wazee wa vitu vya kale: singe ya Mjerumani niiuze bei gani?

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, niko Ujerumani mwaka wa pili. Nimepata singe ya jeshi (kisu cha kuchomeka kwenye bunduki), zile za kuvalia mtoko. Bapa lina chapa ya kindi kashika upanga, na nakshi "Zur Erinnerung an meine Dienstzeit", yaani ukumbusho wa utumishi wangu jeshini. Kuna mtu anatoa euro 180. Nimpe au nivute subira? Silali.

Fundi Saa: Kindi ni chapa ya kiwanda cha Carl Eickhorn, Solingen. Askari walijinunulia wenyewe za kutokea, ndiyo maana hazina makali. Shaka ni nakshi: kuna watu wanachora upya singe tupu ipande bei. Tundu la mpini, la kuchomekea kwenye bunduki, lina kitambaa chekundu?

Mtoto wa Chumbageni: Kipo, nondo wamekula upande mmoja.

Shangazi wa Pwani: Babu alikuwa askari wa Lettow, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Vita ya Kwanza ya Dunia. Singe yake tulichinjia mbuzi mpaka mpini ukaoza, tukaweka wa mpera.

Kipilipili: 180 kwa kisu kisichokata nyanya 😂

Mbongo wa Ruhr: "Nimepata" wapi?

Mtoto wa Chumbageni: Mkuu, nimeuliza bei.

Mbongo wa Ruhr: Nami nimeuliza wapi.

Mtoto wa Chumbageni: Haya. Nahudumia nyumba ya wazee. Bibi mmoja kanipa, ya marehemu kaka yake. Kaitoa kwa mkono wake, ameiviringisha kwenye soksi. Mwanawe hata Krismasi haji. Miguu ya yule bibi nimeiosha mimi miezi minane!

Mbongo wa Ruhr: Mhudumu haruhusiwi kupokea zawadi ya thamani kwa mzee anayemhudumia. Kamwambie mkuu wako leo.

Mtoto wa Chumbageni: Nimeshapokea kishika uchumba, 50. Na alinipa mwenyewe, sikuiba.

Mzee wa Kanisa: Mali ya mkongwe ina machozi, mwanangu. Rudisha.

Jicho la Mwewe: Subirini. Huyu si ndiye Machi alikuwa anatafuta gari la Noah huko Kahama, Tanzania? Weka picha.

Mtoto wa Chumbageni: Akaunti tunatumia na bro.

Kipilipili: Kindi kakimbilia mtini.

Fundi Saa: Picha moja tu, ya tundu.

Mtoto wa Chumbageni: Iko kwenye kabati la kazini, na leo sina zamu. Bibi kalazwa tangu Jumatatu. Mwanawe kaja, anapekua droo.