Muuzaji wa mtandaoni ana haki ya kuposti muamala wa mteja wake?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito. Nilinunua mashine ya juisi kwa duka la Instagram lenye fremu Kariakoo. Mzigo ulifika salama, bidhaa sina neno nayo. Kesho yake nikapigiwa na mtu nisiyemjua. Anajua jina langu, mtaa wangu na nilichonunua: "Kuna mzigo wako mwingine umekwama, tuma elfu kumi na tano." Kumbe muuzaji alikuwa ameposti boksi langu na ujumbe wa malipo, kila kitu kinasomeka, akaandika "Wateja wanatuamini".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hapa Tanzania ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Kenya, mwaka huohuo wa 2023, mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Mimi nasema hata duka la mtu mmoja na simu yake liulize kwanza.

Muuza Vyombo: Pole sana dada. Ila matapeli wametuharibia soko. Mteja mpya swali lake la kwanza ni "nitakuaminije?" Nisipoonyesha miamala, hanunui.

Mama Tegeta: Si uzibe jina na namba kabla ya kuposti?

Muuza Vyombo: Nikiziba wanasema nimejitengenezea mwenyewe.

Mwanzisha mada: Kaka, hata isiyozibwa inatengenezwa, na tapeli ndiye anayezirundika kuliko nyie. Mimi duka lile sikuliamini kwa skrinishoti. Nilipoingiza Lipa Namba lilitokea jina la duka lenyewe, na mdogo wangu alipita akaiona fremu yao. Huo ndio ushahidi, na haumgharimu mteja chochote. Jina langu nililitoa ili bodaboda anifikie, si ili watu wote walisome.

Muuza Vyombo: Sisi tusio na fremu je? Mimi nauzia sebuleni. Lipa Namba nitaifungua, hapo nimekuelewa, na kuomba ruhusa si kazi.

Mama Tegeta: Vizuri. Na zile za miaka mitatu nyuma zilizojaa kwenye ukurasa wako, namba za watu zinaonekana, unazifuta lini?