Mwaka wa kwanza chuoni, kila Ijumaa nakimbilia meli ya Nansio. Nishaurini

Mtoto_wa_Kisiwani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, hata huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta.

Niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Mwanza, kwetu ni kisiwa cha Ukerewe (Nansio ndiyo bandari yake). Tangu utoto mimi ni mtu wa kunyamaza. Nyumbani haikuwa shida, mama akisema "huyu hana maneno" anakuwa ananisifia. Huku chuo naona imegeuka ugonjwa.

Kikundi chetu cha kazi tuko kumi. Mimi ndiye natafuta madesa (notisi za kusomea), nachapa, napeleka steshenari, na hela ya kuprinti natoa mwenyewe maana naona aibu kumdai mtu mia tano. Siku ya presentesheni wanasimama wenye maneno yao. Wiki iliyopita mhadhiri akaninyooshea kidole: "Wewe wa sweta la bluu, hebu elezea hiyo slaidi." Slaidi niliyoitengeneza mimi! Nikasimama, nikashika kiti cha mbele yangu, Kiingereza chote kikapotea. Nikamsikia mtu nyuma, "huyu hata kazi hakufanya." Na hakuna hata mmoja wa kikundi aliyefungua mdomo.

Tangu siku hiyo kantini siendi, nanunua chapati nakula chumbani. Ijumaa kipindi kikiisha nadaka daladala la Buhongwa hadi mjini, nawahi meli. Masaa matatu na ushee niko kwetu. Nauli inatafuna bumu (hela ya mkopo wa chuo), na mama ameanza kuuliza, "Hicho chuo mnafunga kila wiki?" Nimefikiria kuahirisha mwaka. Nifanyeje?

Ngosha_wa_Igoma

Dogo, aibu ya nini na mtu mzima? Subiri bumu la pili liingie, utachangamka mwenyewe 😂

Binti_Kirumba

@Ngosha_wa_Igoma kama huna la kusema si upite tu.

Mdogo wangu, mimi nilikuwa hivyo hivyo, nimemaliza miaka minne sasa. Tatizo lako la kwanza ni hiyo meli, wala siyo presentesheni. Unajua hosteli Jumamosi asubuhi kunakuwaje? Watu wanapanga foleni ya maji na ndoo, wanafua, wanagombania kamba ya kuanikia, mmoja kaunguza wali, mwingine anaazima pasi. Hapo ndipo watu wanazoeana, kwa sababu hakuna anayejipanga kuongea. Marafiki wangu wawili wa chuo niliwapata kwa kumwambia mtu "dada, shuka lako limeanguka." Basi. Wewe muda huo uko katikati ya ziwa. Jumatatu unarudi, wenzako wana vichekesho vyao vya wikiendi, unakaa pembeni, unajiona huna watu. Utakuwaje nao?

Sikwambii usiende kwenu. Nenda mara moja kwa mwezi. Hizo Ijumaa nyingine zitauma, ya kwanza hasa, mimi nililia bafuni nimefungulia bomba.

Na hiyo mia tano dai. Watu kumi hawawezi kusomeshwa na bumu lako.

Mkufunzi_Mtulivu

Nafundisha chuo (siyo Mwanza), niongezee upande wa darasani.

Kijana, wewe hujashindwa somo, umeshtukizwa. Mtu mwenye aibu akishtukizwa, kichwa kinafunga hata kama jibu analo. Kwa hiyo usisubiri kushtukizwa. Kwenye presentesheni ijayo omba sehemu ya kufungua: salamu, mada, majina ya wenzako, mtakayozungumzia. Ni dakika moja, unaikariri yote, na ukishasikia sauti yako imetoka mle ndani, hofu inapungua sana. Wenye aibu wengi hukimbilia hitimisho wakidhani watapata muda wa kujiandaa, kumbe wanakaa nusu saa moyo unadunda.

Semina vivyo hivyo. Uliza swali mwanzoni, uwe umeliandika kwenye daftari, lisome kama lilivyo. Nani atakucheka kwa kusoma?

Kuhusu Kiingereza, karibu darasa zima mnahangaika nacho, hao wenye maneno wamezoea tu kukosea bila kujali. Tafuta mwenzako mmoja, kaeni kwenye kimbweta (zile meza za saruji za kusomea nje) jioni, mfundishe kile ulichochapa. Kwa Kiswahili kwanza, halafu rudia kwa Kiingereza.

Mwisho, nenda ofisini kwa huyo mhadhiri ukamweleze ni sehemu ipi uliandaa. Ukiona mlango mzito, mwandikie barua pepe. Sisi hatuwezi kujua nani kachapa.

Mama_Wawili

Mwanangu, kula peke yako siku mbili tatu ni kawaida. Ila ukiona hulali, chakula hakipiti, au unawaza mabaya, hiyo siyo aibu tena. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, ulizia ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Na mama yako mwambie ukweli. Anajua tayari.

Ngosha_wa_Igoma

Haya nimekaripiwa, nitoe la maana. Dogo, si unatoka Ukerewe? Beba machungwa, acha mlango wa chumba wazi. Utaniambia.

Mtoto_wa_Kisiwani

Wakuu, nimechelewa kurudi, wiki tatu zimepita.

Wikiendi ya kwanza nilibaki. Ilikuwa mbaya, nililala tu. Ya pili mama akanitumia kiroba cha machungwa kwa meli (nilimwambia kila kitu, akacheka, akasema hata yeye alipoolewa alikaa mwezi bila kuongea na mawifi). Nikaweka kisu juu ya ndoo, mlango wazi. Jamaa wa chumba cha tatu akaingia, akachukua moja, akakaa kitandani kwangu bila kuombwa, akaanza kulalamikia takwimu. Kumbe naye haelewi. Tukatoka kwenda kimbweta.

Presentesheni ya juzi nimefungua mimi. Sauti ilitetemeka mpaka kwenye jina la tatu. Jina la nne nilisahau, akajitaja mwenyewe, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Ofisini kwa mhadhiri bado. Mia tano wamelipa wanne. Kwa waliobaki meseji nimeshaiandika, sijaituma tu.