Naomba ushauri: mke wangu ameshindwa kuomba tangu tumzike mtoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, Mtwara. Tangu tulipomzika mtoto wetu wa miaka 6, mwezi Machi, mke wangu huketi kanisani na kitabu cha nyimbo mapajani bila kukifungua, na wanaomwambia kwamba Mungu ana makusudi humzidishia ukimya. Mchungaji ametutembelea mara 3, tukasoma habari za Ayubu. Lakini ni Zaburi ya 88, inayoishia gizani, iliyomtoa machozi, na kwangu mimi yale yalikuwa maombi. Je, niendelee kumsomea zaburi za maombolezo, au nikae naye kimya kwanza? Nami ninayeumia vilevile, nimtumaini Mungu namna gani mbele yake bila kujifanya nina nguvu?